Nakimbia kando ya barabara kuu kwa sababu msitu una mwenyewe: jibu kwa dada wa Gudbrandsdalen

Swali: «Nina miaka 34, mama wa watoto wawili. Tumetokea Uvira, Kongo, tukakaa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, na huu ni mwaka wa pili tunaishi kijiji kimoja cha Gudbrandsdalen, Norwei. Kambini nilikuwa nakimbia kila alfajiri. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa nilianza tena, siku tano kwa wiki, kilomita sita kila siku, pembeni ya barabara kuu kwa sababu sijui pengine pa kukimbilia. Nyuma ya nyumba kuna njia ya changarawe inayopanda msituni, ila imewekwa kizuizi na kibao cha 'Privat veg'. Siku moja nilikipita, mzee mmoja akasimamisha trekta akanitazama, nikarudi nyumbani. Sasa ni wiki ya nne na ugoko wa kushoto unauma. Giza linaanza kuingia mapema, watu wanasema msituni kuna wanyama na wawindaji, na njia yenye taa karibu na shule naambiwa ni ya watu wa ski tu, wale wanaoteleza juu ya theluji. Mume wangu anasema niache mpaka mwezi wa tano. Nifanye nini?»

Dada yangu, barua yako ina maumivu ya aina mbili. Ya kwanza yako kwenye ugoko. Ya pili ni yale yaliyokurudisha nyumbani baada ya mzee wa trekta kukutazama. Kazi yangu ni fiziotherapia, kwa hiyo wengi wangetegemea nianze na mguu, lakini nitaanza na hayo ya pili. Ukishajua unaruhusiwa kupita wapi, hata mguu utapata mahali pa kuponea.

Norwei ina sheria ya maisha ya nje ya mwaka 1957, friluftsloven, na ndani yake mna haki ambayo wenyeji wanaiita allemannsretten, yaani haki ya kila mtu. Huyo «kila mtu» si raia peke yake. Ni mtalii wa siku tatu, ni mkimbizi, ni mwenye shamba la jirani, ni wewe na wanao. Sheria inasema kwamba ardhi isiyolimwa, utmark, yaani misitu, milima, nyika na kingo za maziwa, unaweza kuipita kwa miguu wakati wowote wa mwaka bila kuomba na bila kulipa, hata kama ina mwenyewe. Na sehemu kubwa ya msitu unaouona juu ya nyumba yako ina mwenyewe kweli. Sisi tumekulia mahali ambapo shamba la mtu ni la mtu, na kuingia msitu wa serikali bila kibali ni kujitafutia balaa. Kwa hiyo kurudi kwako kulikuwa adabu. Lakini hapa adabu hiyo inakunyima kitu ambacho ni chako kisheria.

Kile kizuizi kinaitwa bom, na kimewekwa kwa ajili ya magari. Njia hizo za changarawe zilichongwa na wenye misitu ili malori yabebe magogo, au ili watu wafike kwenye seter, yale mabanda ya milimani walikokuwa wakipeleka mifugo kiangazi. Serikali haizitengenezi. Wenyewe ndio wanaozitengeneza, na ndiyo maana mwenye gari hulipa ushuru kabla ya kupita. Kibao cha «Privat veg» kinamwambia dereva habari hiyohiyo. Mtembea kwa miguu halipi chochote. Zunguka kizuizi, endelea na mbio zako.

Mpaka wa kweli uko kwingine, nao unapaswa kuuheshimu sana. Ardhi inayolimwa, innmark, yaani mashamba, majani yanayokatwa kwa ajili ya mifugo, bustani na eneo linalozunguka nyumba, haiko wazi kama msitu. Shambani unaruhusiwa kupita tu pale ardhi ilipoganda au kufunikwa na theluji, na hata hapo haki hiyo haipo kati ya tarehe 30 Aprili na 14 Oktoba. Uani kwa mtu hupiti, iwe kiangazi au baridi, wala kwenye nafaka iliyopandwa kwa ajili ya mwakani. Lakini njia au kijia kinachokatiza mashamba kuelekea msituni unaweza kukifuata kwa miguu mwaka mzima, mradi hakipiti katikati ya ua wa mtu. Kikipita hapo, tafuta pa kuzungukia au gonga mlango uulize: «Kan jeg løpe her?» Maneno manne tu, na mara nyingi utajibiwa kwa kuoneshwa njia nzuri zaidi. Ukikuta geti limefungwa, pita ulifunge tena, maana nyuma yake kuna kondoo.

Na yule mzee? Katika kijiji ambamo watu wanajua kila gari ni la nani, mtu mpya anayekimbia ni habari ya siku. Watu wa mabonde haya hutazama kwanza, salamu huja baadaye, na mara nyingi wanamsubiri mgeni aanze. Siku nyingine inua mkono useme «hei». Msituni kusalimiana ni desturi kabisa, hata kwa watu ambao ndani ya basi wangekaa kimya kama mawe. Nimewaona wageni wengi wakidhani wanachukiwa, kumbe pande zote mbili zinaoneana haya.

Sasa mguu. Nikuombe jambo moja ulifanye mwenyewe usiku huu. Kaa kitandani, pitisha kidole polepole ukingoni mwa muundi, ule upande wa ndani, kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo. Je, maumivu yametanda sehemu ndefu, kama kiganja kizima au zaidi, na asubuhi ukianza kukimbia yanauma kisha yanapungua mwili ukipata moto? Au kuna sehemu moja tu, unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, ukibonyeza unaruka, na inauma hata ukitembea au ukilala?

Hali ya kwanza ndiyo ya kawaida kwa mtu anayeanza tena. Ni uchungu wa utando unaofunika mfupa na wa mfupa wenyewe uliobebeshwa mzigo haraka. Hali ya pili inaweza kuwa ufa mwembamba ndani ya mfupa, na huo hauponi kwa kuvumilia. Ukikuta dalili za pili, acha kukimbia leo hii na umpigie fastlege wako, daktari uliyepangiwa. Mwambie waziwazi kwamba unaogopa ufa wa mfupa, kwa kuwa picha ya eksirei mara nyingi haiuoni katika wiki za mwanzo, na kipimo cha MRI ndicho kinachouona. Una haki ya mkalimani wa Kiswahili kwa daktari, na sheria ya ukalimani iliyoanza kutumika mwaka 2022 hairuhusu mtoto wako atumiwe kutafsiri. Omba mkalimani unapochukua miadi, usingoje ufike.

Kwa nini iwe wiki ya nne na si ya kwanza? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mfupa si jiwe. Uko hai, na kila ukikimbia unapata taarifa kwamba kazi imeongezeka na inabidi ujengwe upya. Lakini mfupa hujengwa kama ukuta wa nyumba kuukuu unavyokarabatiwa: kwanza mafundi wanabomoa sehemu iliyochoka, kisha ndipo wanapojenga mpya. Kubomoa ni kazi ya wiki chache. Kujenga mpaka ukuta ukauke ni kazi ya miezi. Kwa hiyo kuna kipindi katikati, kuanzia wiki ya tatu hivi, ambapo mfupa wako ni dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza, huku pumzi na misuli tayari vimeshapata nguvu na vinakuambia ongeza. Ulipokuwa Nyarugusu mfupa wako ulikuwa umejengwa kwa miaka. Hapa umelala zaidi ya mwaka, kisha ukaubebesha kilomita 30 kwa wiki kuanzia wiki ya kwanza.

Watu watakuambia kosa ni lami. Nusu yake ni kweli. Lami ngumu si sumu, na wakimbiaji wengi huishi nayo maisha yao yote. Kilichokuumiza zaidi ni kasi uliyoanza nayo. Ila barabara ina tatizo lingine: ukingo wake umeinama ili maji yatiririke. Sheria za barabarani za Norwei zinataka mwenda kwa miguu akae upande wa kushoto akitazama magari yanayokuja, na kama unafanya hivyo kwenda na kurudi, kila hatua ya mguu wa kushoto inatua kwenye mteremko uleule, maelfu ya mara. Huenda ndiyo maana ni ugoko wa kushoto na si wa kulia. Njia ya msituni haielemei upande mmoja hivyo. Hapa inainama huku, hatua kumi mbele inainama kule, na mzigo unagawanyika.

Kama dalili zako ni zile za kwanza, fanya hivi. Wiki mbili tembea tu, kwa mwendo wa haraka, kwenye changarawe hiyo ya nyuma ya nyumba, nusu saa au dakika 40. Kisha anza kuchanganya: dakika moja kimbia, mbili tembea, siku moja ndiyo, inayofuata hapana. Mfupa unahitaji hiyo siku ya kati kama unga unavyohitaji muda wa kuumuka. Ongeza dakika za kukimbia kidogo kila wiki, si kila siku. Maumivu madogo yanayokwisha kabla ya kesho asubuhi unaweza kuyavumilia, lakini yakikukuta bado kitandani asubuhi, rudi hatua moja nyuma. Na kwa kuwa bonde lenu limejaa vilima, nina ushauri ninaompa kila mtu wa huko: panda kwa mbio, shuka kwa kutembea. Kupanda kunafanyisha moyo kazi na mguu unatua taratibu. Kushuka ndiko kunakogonga muundi.

Kuna maswali mawili ningekuuliza ana kwa ana, nawe umjibu daktari wako. Je, hedhi yako inakuja kama kawaida, na unakula vya kutosha tangu uanze kukimbia? Mwili usiopata chakula cha kutosha hupunguza kwanza kazi ya kujenga mifupa. Na je, umewahi kupimwa vitamini D? Katika latitudo yenu, kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, jua liko chini mno kuiwezesha ngozi kuitengeneza, hata ukikaa nje mchana kutwa. Ngozi nyeusi kama yetu huhitaji jua zaidi hata wakati wa kiangazi. Wanorwei wenyewe hutegemea mafuta ya ini la samaki, tran, kijiko kimoja cha mililita 5 kwa siku, ambacho kina mikrogramu 10 hivi za vitamini D. Kama tayari unameza vidonge vya vitamini, usirundike juu yake kabla ya kupimwa.

Tuje kwenye njia zenyewe. Fungua ramani ya UT.no, ambayo ni ya chama cha wapanda milima, Den Norske Turistforening, kilichoanzishwa mwaka 1868. Ni bure. Tafuta kijiji chako. Mstari wa vipandevipande ni kijia cha miguu, na mistari ya mwinuko ndiyo itakayokuokoa: ikibanana, pale ni ngazi. Katika bonde kama lenu sakafu iko karibu mita 200 juu ya usawa wa bahari, na miti inakoma karibu na mita 1000, kwa hiyo vijia vingi vinavyopanda moja kwa moja ni vya kutembea, si vya kukimbia. Mtu wa hali yako atafute njia inayofuata ubavu wa mlima kwa usawa. Njia za malori ya magogo mara nyingi ziko hivyo, pana, na huwezi kupotea. Bonde lote pia linapitiwa na Gudbrandsdalsleden, njia ya mahujaji ya takriban kilomita 640 kutoka Oslo hadi Trondheim. Ina alama zake za msalaba, inapita mashamba ya kale na kanisa la mbao la Ringebu, na vipande vyake vingi ni laini vizuri. Ukifika juu kwenye miamba utaona herufi T nyekundu juu ya marundo ya mawe. Hizo ni za safari za milimani, na bado ni mapema kwako.

Njia yenye taa karibu na shule inaitwa lysløype. Uliyoambiwa ni kweli kwa miezi minne au mitano tu. Kabla theluji haijashikamana, njia hiyo ni ya wakimbiaji, wenye mbwa, na akina mama wenye vigari vya watoto. Nenda hata kesho jioni. Taa huzimwa usiku, mara nyingi saa nne au saa tano, kwa hiyo soma kibao mwanzoni mwa njia. Theluji ikishatandikwa na mashine, hapo ndipo usikanyage. Ninataka uelewe sababu, usione ni ubaguzi. Unyayo unazama, usiku shimo linaganda na kuwa gumu kama saruji, na kesho mtoto anayeshuka kwa kasi anakwama ski yake ndani ya shimo hilo. Tena wanaoitengeneza ni majirani wanaojitolea baada ya kazi, dugnad wanavyoita wao, msaragambo wetu, au salongo kama ulivyozoea Kongo. Mimi niliwahi kuikanyaga majira yangu ya kwanza ya baridi, na mama mmoja akanifuata kunieleza kwa upole. Nilitamani mtu angeniambia mapema, ndiyo maana nakueleza kwa kirefu.

Theluji ikiingia, mahali pako ni njia ya miguu na baiskeli iliyokwanguliwa na kumwagiwa changarawe, na barabara ndogo za makazi. Theluji iliyoshindiliwa ni nzuri kwa ugoko. Adui ni barafu, hasa Novemba na Machi, mchana ikiyeyuka na usiku ikiganda. Nunua vile vifuniko vya meno ya chuma vinavyovaliwa juu ya viatu, brodder, au viatu vyenye njumu za chuma, na ufupishe hatua. Kabla ya kununua ski, uliza kama kuna BUA karibu, duka la kuazima vifaa vya michezo bure. Mwenye ugoko unaouma hana tiba nzuri ya majira ya baridi kuliko ski za mbio ndefu, na watoto watakushinda ndani ya wiki mbili.

Kuhusu giza: Desemba kwenu jua litachomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Dereva mwenye taa za chini anamwona mtu mwenye nguo nyeusi akiwa mita 25 au 30 tu. Mtu mwenye kiakisi mwanga, refleks, anaonekana kutoka mita 140 hivi. Gari la kilomita 80 kwa saa linameza mita 22 kila sekunde. Piga hesabu mwenyewe. Vaa viakisi miguuni na mikononi, vile vinavyotikisika, na taa ya kichwani. Na kile kipande cha barabara kuu, kiache kabisa.

Wanyama nitawapitia haraka. Elg, aina ya kulungu wa kaskazini, ni mkubwa kuliko farasi, na hatari yake ni hasa mwezi wa tano na wa sita akiwa na ndama. Ukimwona, simama, rudi polepole, mwachie njia. Dubu na mbwa mwitu wapo nchini, wachache, na wanamkwepa mtu kabla hujawaona. Nyoka mwenye sumu ni wa aina moja tu, hoggorm, na baridi ikiingia hulala. Kupe ni wengi zaidi pwani, ila kiangazi jikague nyuma ya magoti na mapajani, na duara jekundu linalotanuka kwenye ngozi lipeleke kwa daktari. Wawindaji ni suala la sasa: msimu wa elg kwa kawaida huanza 25 Septemba na kuendelea hadi 23 Desemba, na wiki za mwanzo ndizo zenye shughuli nyingi. Haki yako ya kupita haifutwi. Lakini vaa rangi kali, ya machungwa au njano, baki kwenye njia kubwa, na ukikuta kibao cha «Elgjakt», yaani uwindaji wa elg, barabarani siku hiyo chagua njia yenye taa.

Mwambie mume wako unapokwenda na saa unayorudi. Weka kwenye simu programu ya Hjelp 113, ambayo ukipiga simu ya dharura kupitia kwayo inawaonesha waokoaji mahali ulipo. Kama kukimbia peke yako kunakutia hofu, uliza manispaa kuhusu frisklivssentral, kituo cha kuwasaidia watu kuanza mazoezi, au chama cha michezo cha kijiji. Ukihitaji mtu wa kukuangalia mguu huo kwa mikono, tangu mwaka 2018 unaweza kwenda moja kwa moja kwa mtaalamu wa fiziotherapia wa manispaa bila barua ya daktari.

Shemeji ana wasiwasi wa mtu anayekupenda, lakini miezi saba ya kukaa ingekurudisha pale ulipokuwa Agosti, mfupa haujajengwa, na Mei ungeanza tena kwa pupa. Grete Waitz, mwalimu wa shule kutoka Oslo aliyeshinda mbio za marathoni za New York mara tisa kuanzia 1978, alikuwa akifanya mazoezi alfajiri gizani kabla ya kwenda kazini, na baridi yake ndiyo hiyohiyo. Mwombe shemeji atembee nawe Jumamosi hii kupita kile kizuizi, mwendo wa polepole, mpaka mtakapoliona bonde lote chini yenu. Ugoko ukianza kuuma usiku, au mguu ukivimba, ukafa ganzi, au ukashindwa kuukanyagia, usingoje Jumatatu: piga 116117, namba ya daktari wa zamu, uombe mkalimani, na ueleze kama ulivyonieleza mimi.